Maombi hayajibiwi? Cheki dalili yako hapa kabla hujaanza kujilaumu

Wapendwa, maswali ambayo watu wanauliza kuhusu maombi yanafanana sana, yaani ukiyasikiliza kwa muda unaona ni yale yale sita saba yanazunguka, "naomba miaka yote kimya tu", "tulifunga na mgonjwa akafa", "sijui kama ni Mungu ameongea au ni mimi". Kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na sababu ya kwanza kwenye kila dalili maana ndiyo inayotokea mara nyingi, halafu shuka taratibu.

Nasisitiza huo mpangilio kwa sababu wengi tunaanzia chini. Mtu kaomba wiki mbili hajaona kitu, tayari keshaambiwa ana laana ya ukoo, ana dhambi ya siri, imani yake ni ndogo. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo hivyo, walikaa naye siku saba kimya vizuri kabisa, walipofungua mdomo wakaanza kumtafutia kosa, na mwisho wa kitabu (Ayubu 42:7) Mungu anawaambia wazi kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Kumbe yule aliyelalamika sura nyingi ndiye aliyeonekana kasema sawa! Kwa hiyo dhambi na imani ndogo zipo kwenye orodha, sikatai, ila hazikai juu.

Na kitu kimoja kabla hatujaingia ndani. Biblia haitoi fomula. Musa huyu huyu ambaye bahari iligawanyika mbele yake aliomba aingie nchi ya ahadi akakataliwa, akaambiwa yatosha, asiongee tena na Mungu juu ya jambo hilo (Kumbukumbu 3:26). Mtu yule yule, Mungu yule yule, majibu mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia fanya moja mbili tatu na Mungu lazima ajibu unavyotaka, huyo anakuuzia kitu ambacho hata Musa hakuwa nacho.

DALILI YA 1: "Naomba muda mrefu sana na hakuna kinachobadilika"

Hii ndo inaongoza, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Sababu ya kwanza, na najua itakushangaza: hujaomba bado. Umehangaika mbele za Mungu, umewaza jambo hilo kwa sauti, umelia, lakini ombi lenyewe hujalitamka. Kuna tofauti. Yesu alipomwita Bartimayo, kipofu ambaye kila mtu barabarani anaona ni kipofu, bado alimuuliza "unataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51) na ikabidi aseme mwenyewe, nipate kuona. Jaribio rahisi: chukua karatasi uandike ombi lako kwa sentensi moja. Ukiona inakushinda, au unaandika "Mungu aingilie kati maisha yangu" na hujui ungetambuaje kwamba ameingilia, basi tatizo lako liko hapa hapa. Andika tena mpaka liwe kitu ambacho kikitokea utakiona.

Sababu ya pili, jibu lilishakuja ila halifanani na ulilotarajia. Soma Matendo 12, watu wengi wa kanisa wamekaa usiku wanamwombea Petro aliyeko gerezani, Petro anatolewa na malaika, anakuja anagonga mlango, binti anaitwa Roda anakimbia kuwaambia yuko nje na wao wanamwambia una wazimu wewe. Jibu limesimama mlangoni na waombaji wanabishana ndani. Dawa yake ni daftari, sio kitu cha ajabu, tarehe, ombi, na nafasi wazi ya kuandika kilichotokea baadaye. Baada ya miezi kadhaa rudi usome. Wengi wanaosema Mungu hajibu hawana rekodi yoyote, wanakumbuka lile moja linalouma tu na hilo ni jambo la kawaida kwa binadamu, maumivu yana kumbukumbu kali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hapa ni wa Monika, mama yake Augustino wa Hippo, mwalimu mkubwa wa kanisa la kale. Alimlilia Mungu kwa miaka mingi mwanae awe Mkristo. Mwaka 383 kijana akataka kupanda meli kwenda Roma, mama akaomba usiku kucha asiende, kijana akamdanganya akaondoka. Ukimuuliza Monika asubuhi ile angekwambia ombi limegonga mwamba. Lakini kule Italia ndiko Augustino alikofika Milano, akamsikiliza askofu Ambrosi, na mwaka 387 akabatizwa. Augustino mwenyewe alikuja kuandika kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba usiku ule ili ampe kile alichokuwa anaomba siku zote. Sasa kaa na hilo kidogo, ndani ya ombi lako la leo kuna ombi kubwa zaidi nyuma yake, na inawezekana yanapingana na wewe hujajua.

Sababu ya tatu ni sehemu yako. Israeli wamebanwa kati ya bahari na jeshi la Farao, Mungu anamwambia Musa mbona unanililia mimi, waambie watu waendelee mbele (Kutoka 14:15). Na Nehemia anaposikia adui wanakuja anaandika walichofanya, tuliomba, tukaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4:9), vyote viwili, wala hakuona kuweka walinzi ni kukosa imani. Jiulize kwa uaminifu: naomba kazi, je nimetuma barua hata moja mwezi huu? Naomba ndoa ipone, je nimekaa na mwenzangu tukaongea bila kupigiana kelele? Naomba nifaulu mtihani na kitabu sijafungua? Kama jibu ni hapana, acha kuongeza mkesha mwingine, nenda kafanye, omba ukiwa njiani.

Sababu ya nne, kuna mtu mwingine ndani ya ombi lako. Unamwombea mume aache pombe, unamwombea mtoto arudi nyumbani, unamwombea fulani akupende. Huyo ana utashi wake. Yesu mwenyewe aliulilia Yerusalemu, mara ngapi nimetaka kuwakusanya kama kuku na vifaranga vyake lakini hamkutaka (Mathayo 23:37). Mungu anavuta, anafungua njia, anatuma watu, anasumbua dhamiri, lakini Wakristo wengi wanaamini hamgeuzi mtu kama kigingi. Maombi ya namna hii ni marefu kwa asili yake. Badilisha ombi kidogo: badala ya "mbadilishe" peke yake, ongeza "mletee mtu atakayemsikiliza", "nipe mimi neno la kusema na siku ya kunyamaza".

Sababu ya tano ni muda tu. Abrahamu aliondoka Harani ana miaka 75 na Isaka akazaliwa yeye akiwa na miaka 100, hiyo ni miaka 25 ya kusubiri ahadi aliyopewa na Mungu mwenyewe. Lazaro anaumwa, Yesu anapata habari, anakaa siku mbili zaidi pale alipo, na Yohana anaandika jambo hilo sentensi moja tu baada ya kusema Yesu aliwapenda Martha na dada yake na Lazaro. Kuchelewa hakukumaanisha hapendi. Hapa niseme na habari ya siku 21 za Danieli maana watu wameigeuza kuwa kipimo, ukifunga 21 lazima mbingu zifunguke. Kufunga ni kuzuri, sina neno, ila Danieli hakujua kwamba ni siku 21, alikuwa anaomboleza wiki tatu na malaika alipofika akamwambia maneno yako yalisikiwa tangu siku ya kwanza (Danieli 10:12). Ya kwanza! Zile ishirini zilizobaki hazikuwa za kumshawishi Mungu asikie, alikuwa ameshasikia.

Sababu ya sita, ya mwisho, kizuizi. Ipo. Petro anawaambia waume wakae na wake zao kwa akili na heshima maombi yao yasizuiliwe (1 Petro 3:7), Mithali 21:13 inasema anayeziba masikio asisikie kilio cha maskini na yeye atalia asijibiwe, Yesu anasema mkisimama kusali sameheni (Marko 11:25), Yakobo anasema mnaomba mkitaka kutumia kwa tamaa zenu (Yakobo 4:3). Angalia hiyo orodha vizuri, karibu yote ni jinsi unavyowatendea watu. Kipimo changu ni hiki: Roho Mtakatifu akikugusa anagusa kitu chenye jina, yule dada uliyemdhulumu, ile hela hujarudisha, yale maneno uliyomwambia mkeo. Ukiona una hatia ya jumla jumla tu isiyo na kichwa wala miguu, usichimbe. Kaa kimya dakika kumi, muulize Mungu, kikija kitu rekebisha leo, kisipokuja ondoka hapo endelea na maisha.

SIMAMA HAPA: kusamehe sio kurudi kuishi na mtu anayekupiga. Kama unapigwa au mtoto anadhuriwa nyumbani, hilo sio suala la kuomba zaidi ndani ya nyumba hiyo hiyo, toka uende mahali salama kwanza, waambie polisi au ustawi wa jamii au ndugu anayeaminika, omba ukiwa umeshatoka. Mchungaji akikwambia rudi ukavumilie, tafuta mwingine.

DALILI YA 2: "Tuliomba, tukafunga, tukaamini, na mgonjwa wetu akafa"

Kwenye dalili hii sitakupa orodha ya kukagua, kwa sababu siamini kwamba kuna kitu ulikosea. Kama umefika hapa na msiba bado mbichi naomba usome aya hii tu halafu upumzike: hukushindwa kumwombea vizuri. Hakuna saa moja ya ziada ya mkesha ambayo ingembakiza.

Kwa nini nasema hivyo kwa ujasiri? Rudi kwenye Matendo 12 ile ile. Petro anatolewa gerezani kwa muujiza, lakini mstari wa pili wa sura hiyo unasema Herode alimwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Mitume wawili, kanisa moja, mfalme mmoja. Luka, aliyeandika kitabu hicho, hasemi kwamba waliomwombea Petro waliomba vizuri zaidi, haelezi kabisa. Waebrania 11 nayo inafanya hivyo hivyo, kwa imani wengine walifunga vinywa vya simba na kuepuka upanga, halafu bila hata kuvuta pumzi, wengine kwa imani hiyo hiyo wakakatwa kwa misumeno na kuuawa kwa upanga. Paulo ambaye leso zake ziliponya watu alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto (2 Timotheo 4:20) na mwiba wake mwenyewe (mateso ya mwili wake) aliuombea mara tatu, alichopata ni "Neema yangu yakutosha". Daudi alilala chini siku saba kwa ajili ya mtoto na mtoto akafa.

Na juu ya hao wote yuko Yesu, Gethsemane, mara tatu, Baba kikombe hiki kiniepuke. Hakikumwepuka. Lakini hapa kuna kitu ambacho nilikipita nilipokuwa nasoma zamani na sasa nadhani ndo kiini cha yote: Waebrania 5:7 inasema aliomba kwa kilio kikuu na machozi kwa yule awezaye kumwokoa na kifo, na kwamba alisikilizwa. Alisikilizwa! Na bado alisulubiwa kesho yake. Yaani kwa Mkristo, kusikilizwa sio sawa na kuepushwa, jibu la Gethsemane lilikuja siku ya tatu, upande wa pili wa kaburi. Hiyo ndo sababu makanisa yote, pamoja na tofauti zao, yanakiri ufufuo wa wafu. Ukiondoa ufufuo, maombi mengi sana kwenye Biblia yanabaki bila jibu na hakuna maelezo yatakayotosha.

Kuhusu kwa nini huyu apone na yule asipone, Wakristo hawakubaliani na sio vizuri kukuficha. Wapo wanaosema kila kitu kimepangwa na Mungu mpaka siku ya kufa, wapo wanaosema dunia imevunjika na vifo vingi Mungu hakuvitaka ila ameruhusu na atavirekebisha. Mimi nikimwangalia Yesu akilia kwenye kaburi la Lazaro naegemea upande wa pili, mtu halii kwa jambo analolifurahia. Lakini pande zote mbili zinasali, na zote zinazika kwa tumaini lile lile.

Cha kufanya: lia. Soma Zaburi 88, ndiyo zaburi pekee ambayo inaishia gizani bila mwanga wowote mwishoni, na bado iko ndani ya Biblia, bado inaitwa sala. Mwambie Mungu umekasirika kama umekasirika. Na nyie mnaokwenda kufariji, tafadhali acheni "Mungu alimpenda zaidi" na "ungekuwa na imani...". Kaeni, pikeni, osheni vyombo, nyamazeni.

ITA MTAALAMU: kama muda unapita na bado hulali, huli, huwezi kuamka kitandani, au unatamani kumfuata marehemu, nenda kwa daktari au mshauri wa kisaikolojia, na kama mawazo ya kujiua yamekuja usikae peke yako hata leo usiku, mpigie mtu sasa hivi aje akae na wewe au akupeleke hospitali. Hiyo sio kumkana Mungu.

DALILI YA 3: "Nikiomba sisikii kitu, ni kama naongea na dari"

Anza na mwili. Nabii Eliya baada ya ushindi mkubwa kabisa mlimani Karmeli alikimbia jangwani akaomba afe (1 Wafalme 19), na Mungu hakumhubiria, alimpa usingizi, mkate wa moto na maji, akalala tena, akala tena, ndo baadaye kabisa wakaongea. Kama unalala masaa manne na unaomba saa tisa usiku ukiwa umechoka hoi, ukavu wako unaweza kuwa ni uchovu tu.

Halafu simu. Sina maelezo marefu, iache chumba kingine.

Halafu maneno. Unaweza kuwa umezoea kusali kwa misemo ya watu wengine mpaka wewe mwenyewe haupo tena kwenye sala. Yesu alionya kuhusu kupayuka-payuka tukidhani wingi wa maneno ndo unasikika (Mathayo 6:7). Punguza, sali Baba Yetu polepole, sentensi moja kwa dakika moja, au chukua zaburi uisome kama yako. Kinyume chake pia ni kweli, kama siku zote unasali kwa maneno yako na yameisha, sala zilizoandikwa zinabeba vizuri sana, Wakatoliki na Waorthodoksi na Waanglikana wanalijua hili kuliko wengi wetu.

Ukishacheki yote hayo na bado ni kavu, na maisha mengine yako yako sawa, basi hii inaweza kuwa kile ambacho Yohana wa Msalaba, mtawa wa Kihispania wa karne ya 16, alikiita usiku wa giza. Sio adhabu. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilipochapishwa 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, dunia ilishangaa kuona aliishi miaka mingi sana bila kuhisi uwepo wa Mungu, na kila siku alikuwa anaamka anasali anakwenda kwa wagonjwa. Kuhisi na kuwepo ni vitu viwili. Ushauri wa Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, kwa kipindi hiki ni mzuri na unafanya kazi: wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na utulivu. Usiache kanisa, usivunje uchumba, usiache shule kwa sababu ya mwezi mkavu.

Ila kama ukavu umeenea kila mahali, chakula hakina ladha, watu unaowapenda huwahisi, unalia bila sababu au hulii kabisa, hiyo inafanana na dipresheni na ina matibabu. Nenda hospitali. Sala itaendelea.

DALILI YA 4: "Sijui kama ni Mungu ameongea au ni mawazo yangu"

Mara nyingi ni hamu yako. Namba mbili ni hofu yako. Sio vibaya, Mungu anaweza kutumia hamu pia, ila usiiandikie jina lake haraka haraka, hasa kama ni habari ya ndoa. "Mungu ameniambia wewe ni mke wangu" na yeye hajaambiwa chochote, wapendwa, kama Mungu kaongea atamwambia na yeye.

Pima hivi, rahisi kwanza: linapingana na Maandiko? Likipingana, limeisha hapo. Likivuka hapo, waambie watu wawili watatu waliokomaa, ambao hawana faida yoyote kwenye jambo hilo, na uwasikilize kweli. Kisha lipe muda, neno la Mungu halichachi likikaa wiki mbili, shinikizo la "amua leo leo" ni dalili mbaya. Mwisho angalia tunda, linakuletea upendo, furaha, amani, uvumilivu (Wagalatia 5:22) au linakufanya mkali na msiri? Gideoni aliweka ngozi ya kondoo mara mbili kuomba ishara na Mungu alimvumilia, lakini kumbuka alikuwa ameshaambiwa wazi tayari, ngozi ilikuwa kwa ajili ya woga wake, sio njia ya kawaida ya kujua mapenzi ya Mungu.

SIMAMA KABISA kama unasikia sauti inayokuamuru ujidhuru, umdhuru mtu, uache kula, au uache dawa, hata kama inatumia mistari ya Biblia. Shetani alitumia mistari pia kule jangwani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na mtu wa kukusindikiza. Na kama unarudia sala ile ile mara kumi, mara hamsini, kwa sababu unahisi hukuitamka sawa na kitu kibaya kitatokea, huo ni wasiwasi wa kiafya unaojulikana na unatibika, sio udhaifu wa kiroho.

DALILI YA 5: "Nimeambiwa imani yangu ni ndogo ndo maana"

Imani ndogo inatosha. Yesu alisema hata punje ya haradali. Baba wa yule mtoto mwenye pepo alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24) na mtoto akaponywa pale pale, na sala ya shaka namna hiyo sijui kama kuna sehemu ingepita kwenye mikutano yetu ya leo. Shaka anayoonya Yakobo (1:6-8) ni ya mtu wa nia mbili, anayetaka na hataki, sio mtu anayetetemeka huku ameshikilia.

Sasa swali la kumuuliza anayekwambia hivyo: imani yangu ikishakua, unataka nini? Jibu likiwa ni "mbegu" (fedha ya kutoa ili ubarikiwe), sadaka ya kuvunja laana, mafuta ya kununua, ondoka. Naamani alipopona ukoma akataka kumlipa nabii Elisha, Elisha akakataa katakata, mtumishi wake Gehazi alipomfuata kwa siri kuchukua fedha na mavazi, ukoma ukamhamia yeye (2 Wafalme 5). Na Simoni alipotaka kununua uwezo wa Roho, Petro alimwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe (Matendo 8:20). Kutoa sadaka ni ibada, kulipia jibu sio.

HATARI, hii soma mara mbili: usiache dawa za ukimwi, sukari, kifafa, presha, au za akili ili "kuonyesha imani". Nabii Isaya aliyemletea mfalme Hezekia jibu la maombi, miaka 15 ya ziada, ndiye huyo huyo aliyeagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu (Isaya 38). Paulo alimwambia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Kama unaamini umepona, mshukuru Mungu halafu rudi kwa daktari apime, aliyeponya haogopi kipimo, na dawa zipunguzwe na yeye aliyeziandika. Mwenye kisukari, mjamzito na anayenyonyesha wasifunge kula bila kuongea na daktari, funga simu, funga sukari, funga maneno, kuna kufunga kwingi.

DALILI YA 6: "Nimeona utafiti kwamba maombi hayafanyi kazi"

Upo kweli. Uliochapishwa 2006 Marekani ulifuatilia wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, walioombewa bila kuwa na uhakika kwamba wanaombewa walipata matatizo asilimia 52, wasioombewa 51, na waliohakikishiwa kwamba wanaombewa 59. Usikimbie hizo namba. Ila soma kilichopimwa: watu wasiomfahamu mgonjwa, wamepewa jina la kwanza na herufi ya ukoo, na sentensi moja ya sala iliyopangwa ambayo ilibidi waiweke kwenye maombi yao. Huwezi kumweka Mungu kwenye kundi la wanaochunguzwa, wala huwezi kuzuia mama wa mgonjwa wa kundi la "wasioombewa" asimwombee usiku. Kilichoonekana ni kwamba sala haifanyi kazi kama dozi ya dawa, na hilo Musa na Paulo wangekubali. Lakini ile 59 ina somo kwetu, baadhi ya watafiti walifikiri huenda wagonjwa walipata wasiwasi, "kwani hali yangu ni mbaya kiasi hicho?" Kwa hiyo ukienda wodini kuombea mtu, muulize kwanza kama anataka, omba kwa sauti ya chini, na usimtishe.

DALILI YA 7: "Nimechoka, siombi tena"

Sawa. Usijilazimishe masaa. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba itupasavyo na Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo hata sasa hivi wewe umenyamaza kuna maombi yanaendelea juu yako. Ukiweza, kila siku sema mstari mmoja tu wa Zaburi 13, Ee Bwana hata lini, uishie hapo, wala usijikamue uongeze sifa ambazo huzihisi.

Usipoweza hata huo, mtafute mtu mmoja, sio kundi zima, mtu ambaye hatakuhubiria, mpe ombi lako kwa sentensi moja aliombe yeye. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 hakusema neno lolote, wenzake wanne walitoboa dari wakamshusha, na imeandikwa Yesu alipoiona imani yao. Mwambie huyo mtu wako akupigie wiki ijayo akuulize unaendeleaje na umelala kiasi gani, na kama jibu lako litakuwa baya akupeleke kwa daktari bila kungoja.